Jiko la gesi likisumbua: lini kosa ni la regulata na lini si lake

Ukilalamika dukani kwamba jiko lako linawaka kinyonge, jibu la kwanza mara nyingi ni, "Dada, hiyo regulata imekufa, chukua mpya." Unanunua, unafunga, na jioni moto ni uleule. Mtaa huohuo kuna jiko ambalo moto wake unavuma na kuruka juu ya pleti, na mwenye nyumba anausifu mtungi wa safari hii kwamba una gesi ya nguvu. Wote wawili wamekosea, na wa pili yuko hatarini. Regulata, kile kifaa cha juu ya mtungi kinachopunguza presha ya gesi, hulaumiwa sana kwa moto dhaifu, ambao kwa kawaida hausababishwi nayo, na husamehewa kwa moto uliozidi, ambao karibu kila mara unatoka kwake.

Maelezo haya ni ya mtungi wa nyumbani wa LPG, yaani gesi ya kupikia ya mtungini, kilo 13 kwa Kenya na kilo 15 kwa Tanzania, wenye regulata ya kubana juu ya vali, mpira wa gesi na jiko la mezani. Mtungi wa kilo 6 wenye pleti iliyofungwa juu yake una habari yake, nitaufikia baadaye.

Kinachofanyika ndani ya regulata

Gesi ya mtungini ni propani na butani zilizochanganywa, na sehemu kubwa yake ni kimiminika. Juu ya kimiminika kuna nafasi iliyojaa mvuke, na mvuke huo ndio tunaoupikia. Presha yake hutegemea joto na mchanganyiko, wala haitegemei kiasi cha gesi kilichobaki. Kwenye nyuzi 30, kama mchana wa Dar es Salaam au Mombasa, propani tupu hufika karibu baa 10 (baa ni kipimo cha presha) na butani tupu haifiki baa 2. Mchanganyiko hukaa katikati ya hizo. Jiko la nyumbani linataka milibaa 28 hadi 30 tu, yaani sehemu 3 za mia za baa moja. Mtungi ukiwa na baa 5, regulata inaishusha presha hiyo zaidi ya mara 160, na inatakiwa iishushe hadi palepale iwe pleti moja inawaka au zote nne, mtungi uwe mpya au unaelekea kuisha.

Inafanya hivyo kwa vipande vichache. Kuna kiwambo, duara la mpira mwembamba linaloigawa regulata vyumba viwili. Chumba cha juu kina springi inayokisukuma kiwambo chini, na kina tundu dogo la kupumulia linalopakana na hewa ya nje. Chumba cha chini kina gesi inayoelekea jikoni. Kiwambo kimeunganishwa na wenzo mfupi, na kwenye ncha ya wenzo kuna kizibo kidogo cha mpira kinachokaa mbele ya tundu ambalo gesi ya mtungi inaingilia. Ukiwasha pleti, gesi ya chumba cha chini inapungua, springi inakishinda kiwambo, kizibo kinarudi nyuma na gesi inaingia. Presha ikitosha, kiwambo kinanyanyuka na kizibo kinasogea kuziba. Ni kazi ya boya kwenye tangi la maji: maji yakishuka linafungua, yakipanda linafunga. Ukizima pleti zote, presha ya chini hupanda kidogo juu ya kawaida yake, kizibo kinakazwa, na gesi inasimama.

Kwa hiyo vitu vya kuharibika ni vitatu. Kizibo kinaweza kuingiwa na uchafu kisizibe vizuri. Kiwambo kinaweza kupasuka au kukakamaa kwa uzee. Tundu la kupumulia linaweza kuziba. Springi yenyewe huchoka kwa nadra sana, ila ukanda wa pwani hewa ya chumvi huila, hasa kama mtungi unakaa nje. Dalili zote zitakazofuata nitazirudisha kwenye vitu hivi vitatu, au nitaonyesha kwamba havihusiki.

Ukisikia harufu, usianze uchunguzi

Funga regulata. Fungua milango na madirisha. Usiwashe wala usizime taa, feni au swichi yoyote, kwa sababu cheche hutoka wakati wa kuzima pia. Kama hakuna moto na mtungi unabebeka, utoe nje. LPG ni nzito kuliko hewa, propani kama mara moja na nusu na butani mara mbili hivi, kwa hiyo inatambaa sakafuni, inaingia chini ya kabati na kwenye mitaro. Inatosha hewani iwe asilimia 2 hivi ili ishike moto. Kwa sababu hiyo dirisha la juu peke yake halisaidii sana. Mlango wa kutokea nje uwe wazi hadi chini. Ikiwa gesi inaendelea kutoka na huwezi kuifunga, watoe watu wote kwanza, kisha ukiwa mbali na nyumba piga simu zimamoto. Tanzania namba ni 114.

Mambo yakishatulia ndipo unaweza kutafuta inapovujia, na chombo cha kutafutia ni povu la sabuni. Nimewaona mafundi wanaopitisha njiti ya kiberiti kwenye viungo "kuona kama kunawaka". Fundi wa namna hiyo mwambie aondoke.

Gesi haitoki kabisa

Anza na yaliyo mepesi. Je, mtungi una gesi? Mtungi wenyewe umeandikwa uzito wake ukiwa mtupu. Ukiuweka kwenye mzani, kinachozidi uzito huo ndiyo gesi yako. Kama huna mzani, mwagia maji ya uvuguvugu ubavuni, kisha pitisha kiganja kutoka juu kwenda chini: palipo na kimiminika pana ubaridi.

Geji iliyo juu ya regulata haitakusaidia hapa, ingawa wengi wameinunua kwa ajili hiyo. Geji inapima presha, na nimeshasema kwamba presha hutegemea joto. Mshale utakaa karibu mahali palepale mtungi ukiwa umejaa, ukiwa nusu na ukiwa robo, halafu utaanguka ghafla kimiminika kinapoisha. Asubuhi ya baridi utashuka na adhuhuri utapanda bila tone kuongezwa. Faida yake ya kweli ni nyingine: funga pleti zote, fungua regulata, soma mshale, funga regulata, subiri dakika 10. Mshale ukishuka, kuna mahali panavuja kati ya regulata na jiko.

Kama mtungi una gesi, angalia regulata imekaaje. Regulata za kubana zina vipimo tofauti, milimita 20, 21, 22 na kadhalika, na tofauti ya milimita moja haionekani kwa macho. Ya kipimo kisicho chake inaweza kuonekana imeingia lakini isikisukume kipini cha vali, na gesi isitoke. Mbaya zaidi, inaweza kutoa gesi na kuchomoka ikiguswa. Iliyokaa sawasawa hulia "tak" inapojifunga, na ukiivuta juu kwa mkono inakataa kutoka.

Baadhi ya regulata, hasa zenye geji, zina kinga inayokata gesi inapotoka kwa kasi isiyo ya kawaida, kwa mfano mpira ukikatika. Ukifungua regulata huku swichi ya jiko iko wazi, kinga inadhani mpira umekatika na inafunga. Watu wengi hutupa regulata nzima kabisa kwa sababu hii. Zima pleti zote, funga regulata, ifungue tena taratibu. Zenye kitufe juu ya geji hubonyezwa mara moja mbili ili mpira ujae gesi kwanza. Ikikata tena na tena pleti zikiwa zimezimwa, basi inasema kweli, tafuta uvujaji.

Kuna na jiko linalowaka ukiwa umeshikilia swichi, ukiachia linazimika. Hapo regulata haihusiki hata kidogo. Majiko hayo yana kijiti cha kuhisi joto kando ya pleti kinachozuia gesi isitoke moto ukizimika. Shikilia swichi kama sekunde 10 kipate joto. Kikiwa na mafuta ya kupikia kifute.

Moto dhaifu

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Jaribio la kwanza: washa pleti moja peke yake, kisha washa nyingine moja moja. Kama pleti moja tu ni dhaifu na nyingine ni nzima, kosa liko kwenye pleti hiyo, na regulata haiwezi kuchagua pleti. Ni nozo iliyoziba, kile kipande chenye tundu linalotolea gesi kwenye pleti. Nozo ya LPG ina tundu lisilofika milimita moja, na masizi, chumvi au mguu wa mende vinatosha kuliziba. Ifungue, iloweke kwenye maji ya moto yenye sabuni, ipulize. Ukilazimika kuichokoa tumia uzi mmoja wa waya wa shaba, kamwe usitumie sindano ya chuma. Sindano hulipanua tundu, na tundu likishapanuka moto wa njano hautaondoka mpaka ununue nozo nyingine.

Kama pleti zote ni dhaifu, uliza mambo mawili: kuna baridi? Na mtungi umebakiza kiasi gani? Butani huchemka kwenye nyuzi 0.5 chini ya sifuri, propani kwenye nyuzi 42 chini ya sifuri. Unapopika, propani hutangulia kutoka kwa sababu ndiyo nyepesi kuvukiza, na kinachobaki chini ya mtungi ni butani zaidi na zaidi. Sasa fikiria asubuhi ya Julai kule Makete, Njombe au Limuru, joto likiwa nyuzi 5. Butani tupu katika joto hilo ina takriban robo ya baa tu. Regulata nyingi za nyumbani zimeandikwa kwamba zinahitaji kuingiziwa angalau baa 0.3 ili zifanye kazi. Hakuna kilichoharibika hapo. Regulata haipati cha kushusha. Mchana jua likitoka moto unarudi, na huo ndio uthibitisho. Suluhisho ni kuuhamishia mtungi mahali penye joto la kawaida la nyumba, ama kuukalisha kwenye beseni la maji ya uvuguvugu ambayo mkono unayavumilia bila shida. Maji ya moto sana hapana, jiko la mkaa kando yake hapana, na kuulaza hapana.

Ukipika muda mrefu kwa pleti nyingi utaona mtungi umelowa jasho, hata umeota barafu kwa nje. Kimiminika kinapogeuka mvuke kinanyonya joto kutoka kwenye mtungi wenyewe, na mtungi mdogo hauwezi kulirudisha upesi. Presha inashuka, moto unalegea. Mama lishe wanaochemsha masufuria makubwa wanaijua hali hii vizuri. Wanaohitaji moto mwingi wanahitaji mtungi mkubwa, au mitungi miwili inayotoa pamoja. Regulata kubwa haiongezi joto la mtungi.

Halafu kuna mpira. Uliopinda nyuma ya jiko, uliobanwa na kabati, uliolala mita nyingi bila sababu, wote hupunguza gesi. Ndani yake pia hujikusanya mafuta ya rangi ya manjano, yanayotoka kwenye mpira wenyewe na kwenye mabaki mazito ya gesi. Ukiuchomoa mpira na kuuning'iniza, yanadondoka. Mafuta hayo yakirudi kwenye regulata hukilainisha kiwambo na kukivuruga, ndiyo maana regulata inatakiwa ikae juu kuliko mahali mpira unapolala.

Ukishamaliza yote haya, mtungi umejaa, kuna joto, nozo safi, mpira mpya, na bado pleti zote ni dhaifu, hapo ndipo unaruhusiwa kuishuku regulata. Angalia tundu lake la kupumulia. Liko juu au ubavuni, dogo kama la sindano. Mafuta ya kukaangia yakichanganyika na vumbi huliziba, na nyigu hulijengea udongo. Kiwambo hakiwezi kushuka vizuri ikiwa hewa ya juu yake haiingii. Lisafishe kwa brashi laini ya meno. Usichomeke kitu ndani, kwa sababu kiwambo kiko hapo nyuma yake na ukikitoboa umeua regulata iliyokuwa hai.

Moto unacheza, unadunda, au regulata inalia

Moto unaopanda na kushuka kwa mdundo una sababu tatu za kawaida. Ya kwanza ni tundu la kupumulia lililoziba nusu, ambalo nimeshalieleza. Ya pili ni mafuta au maji yaliyokaa kwenye sehemu ya mpira iliyolegea na kushuka kama bonde. Gesi inapita juu yake kwa vishindo. Unyooshe au ubadilishe.

Ya tatu ndiyo ya kuogopa: gesi ya kimiminika imeingia kwenye regulata. Hutokea mtungi ukilala ubavu, ukiunganishwa mara tu baada ya kushushwa kwenye bodaboda ukiwa umetikisika, au ukiwa umejazwa kupita kiasi. Mtungi halali haujazwi hadi juu; huachwa karibu moja ya tano ikiwa tupu ili kimiminika kipate pa kutanuka joto likipanda. Wanaojaza mitungi kichochoroni, kwa kuhamisha gesi kutoka mtungi mkubwa kwenda mdogo, hawaijali nafasi hiyo. Kimiminika hugeuka kuwa gesi mara 250 hivi ya ujazo wake, kwa hiyo tone linalopita kwenye regulata hufika jikoni kama mwali mrefu. Ukiona moto unatema na kurefuka ghafla muda mfupi baada ya kubadilisha mtungi, funga, usimamishe mtungi wima, uache utulie. Ukirudia, rudisha mtungi ulikoununua na usikubali kuambiwa ubadilishe regulata.

Sauti ya kuunguruma kama nyuki huku moto ukiwa umetulia kwa kawaida ni kiwambo kinatetemeka kwa mwendo wa gesi. Badilisha mkao wa mpira au ongeza kidogo moto wa pleti na uone kama inakoma. Ni kero zaidi kuliko hatari, ila regulata yenye miaka mingi ikianza kulia ghafla, ninaibadilisha.

Moto mkubwa kupita kawaida

Dalili ni hizi: moto unavuma, miali inanyanyuka na kuacha pengo kati yake na pleti, ukipunguza swichi haupungui kwa mpangilio, na ukiwasha kiberiti unalipuka kwa "bup" kubwa. Hakuna mtungi wenye "gesi ya nguvu". Kama regulata inafanya kazi yake, jiko halitajua kama mtungini kuna baa 2 au 8. Likijua, maana yake regulata imeacha kulizuia.

Kwanza hakikisha ni regulata ya aina inayofaa. Zipo za presha kubwa, zinazotumika kwenye majiko makubwa ya chipsi na ya wapishi wa harusi. Mara nyingi zina kishikio cha kuzungusha ili kuongeza au kupunguza presha, na zinaweza kutoa hata baa nzima au zaidi. Zinauzwa rafu moja na za nyumbani. Ukiifunga moja ya hizo kwenye jiko la mezani umelipatia presha mara 30 ya ile lililotengenezewa, na viungo vya mpira havikukusudiwa kuishika.

Kama aina ni sahihi, kosa liko kwenye kizibo. Chembe ya kutu kutoka kwenye mtungi imekaa kati ya kizibo na tundu, au mpira wa kizibo umepata alama na kukakamaa, na gesi inapenya hata pale inapotakiwa kusimama. Mwanzoni kosa hili hujificha. Jiko likiwaka, gesi inayopenya inaungua pamoja na nyingine na huoni kitu. Likizimwa, presha inaanza kupanda polepole kwenye mpira. Jaribu hivi: zima pleti zote na uache regulata wazi kwa dakika 10 ukiwa hapohapo, kisha washa pleti moja ikiwa imepunguzwa. Mruko mdogo wa mwanzo ni wa kawaida. Moto ukipanda juu na kubaki juu kwa sekunde kadhaa kabla ya kutulia, kizibo hakizibi. Regulata hiyo isirudi kwenye mtungi tena.

Fundi anayejiheshimu atapima badala ya kukisia, na kipimo chake ni rahisi. Mpira mwembamba unaopenya mwanga unapindwa kama herufi U kwenye ubao, kila mkono usipungue sentimita 60, unatiwa maji hadi nusu. Upande mmoja unaunganishwa na njia ya gesi kati ya regulata na jiko, upande wa pili unaachwa wazi, na kazi yote inafanyika mahali penye hewa, mbali na moto mwingine. Sentimita 1 ya tofauti ya maji ni sawa na milibaa 1 kwa makadirio ya karibu sana. Pleti moja ikiwaka, tofauti iwe karibu 30. Zote zikiwaka, ishuke kidogo tu. Zote zikizimwa, ipande sentimita chache kisha isimame. Ikiendelea kupanda bila kusimama, au ikipita 40, jibu umelipata. Maji yakirushwa nje ya mpira, funga mtungi mara moja.

Na hapa nasema bila kulegeza: regulata ya nyumbani haifunguliwi kutengenezwa. Nyingi zimefungwa kiwandani kwa kukunjwa bati ili zisifunguke. Anayekuambia atakaza springi au atabadilisha kiwambo hana kipuri sahihi wala kifaa cha kupimia alichokifanya. Regulata bei yake ni ndogo mno kulinganisha na kinachoweza kutokea.

Moto wa njano na masizi chini ya sufuria

Kwa haraka: huu ni upungufu wa hewa. Fungua kitundu cha hewa chini ya pleti, safisha utando wa buibui, panga kifuniko cha pleti kikae sawa. Kama jiko limeletwa likiwa limetumika Ulaya, huenda lilikuwa la gesi asilia ya bomba, ambayo hutumia presha ya chini zaidi na nozo zenye matundu makubwa. Ukiliwekea LPG litatoa moto mrefu wa njano hata regulata ikiwa nzima kabisa. Badilisha nozo. Vilevile nyumba za Mikocheni, Lindi na Mtwara zilizounganishwa na gesi asilia zina regulata ya bomba isiyohamishika kwenda kwenye mtungi, wala ya mtungi haihamii kwenye bomba.

Harufu isiyoisha

Pakaa povu zito, kijiko cha sabuni ya maji kwenye kikombe cha maji, kisha tazama mapovu yanapokua.

Yakikua pale regulata inapoingia kwenye vali, usiilaumu regulata. Kwenye vali hizi za kubana, ringi ya mpira inayozuia gesi imo ndani ya vali ya mtungi. Mdomo wa regulata ni chuma laini tu kinachoingia ndani ya ringi hiyo. Kama jana mtungi wa zamani haukuvuja na leo mpya unavuja kwa regulata ileile, mtungi ndio mbovu, na una haki ya kurudishiwa mwingine. Angalia ringi kwa tochi kabla hata ya kuondoka dukani: iwepo, iwe nyeusi, isiwe imechanika wala imekauka.

Yakikua kwenye tundu la kupumulia, kiwambo kimepasuka. Kwenye tundu hilo inatakiwa ipite hewa peke yake. Hiyo ni regulata ya kutupa leo hii, wala kuliziba tundu kwa gundi au utepe hakuponyi kitu: gesi itakijaza chumba cha juu, itaisaidia springi kusukuma chini, na presha itakwenda jikoni bila kizuizi.

Yakikua kwenye mpira au klipu, kata kipande kilicholegea ufunge upya, na kama mpira una nyufa ukiukunja, ununue mwingine. Uwe mpira wa gesi wenyewe, ulioandikwa, kwa kawaida wa rangi ya chungwa. Mpira wa kumwagilia bustani huharibiwa na LPG.

Povu lisipoonyesha chochote na harufu ipo, tazama mtungi umebakiza kiasi gani. Harufu hiyo inawekwa makusudi kiwandani, kwa kuwa gesi yenyewe hainuki, na kitu hicho huvukiza polepole kuliko gesi. Hujikusanya kwenye mabaki ya chini, kwa hiyo mtungi unaokaribia kuisha hunuka zaidi hata pleti ikiwaka vizuri. Rudia povu mara ya pili kabla ya kuridhika na sababu hii.

Mtungi wa kilo 6

Wenye pleti iliyofungwa moja kwa moja juu ya vali hauna regulata. Pleti ile imetengenezwa kupokea presha ya mtungi kupitia nozo ndogo sana, na swichi yake ndiyo inayopunguza gesi. Ndiyo maana moto wake hubadilika wenyewe kati ya asubuhi na mchana. Hilo si tatizo la kutatuliwa. Tatizo ni kuking'oa kile kichwa na kuunganisha mpira unaokwenda kwenye jiko la pleti mbili bila regulata katikati. Unafanya kazi, moto unawaka, na mpira uliotengenezewa milibaa 30 unabeba baa kadhaa usiku na mchana. Ukitaka jiko la mezani kwa mtungi mdogo, tafuta regulata inayofungwa kwa skrubu ya vali hiyo.

Unaponunua nyingine

Soma kilichogongwa kwenye mwili wake. Kuwe na presha ya kutoka, milibaa 28, 29 au 30, presha ya kuingia, kiasi cha gesi kwa saa, kipimo cha vali kwa milimita, na mwaka wa kutengenezwa. Kilo 1 kwa saa inatosha jiko la pleti nne bila shaka, kwa kuwa pleti kubwa ya nyumbani hula gramu mia mbili na kitu kwa saa. Isiyo na maandishi yoyote iache hata kama inang'aa. Watengenezaji wengi huweka umri wa regulata kuwa kama miaka 10, na mpira haudumu muda huo. Ikiwa unaishi pwani au mtungi unakaa nje, punguza. Beba ya zamani uende nayo ili ulinganishe kipimo, na ukiifunga mpya nyumbani pakaa povu kwenye viungo vyote pleti zikiwa zimezimwa, kabla hujawasha kiberiti cha kwanza.